Oti za Asubuhi, Zilivyozoeleka Jikoni Kwetu Mwanza

Baba yangu alipoambiwa na daktari apunguze maandazi na mkate mweupe kwa sababu ya sukari, pakiti ya kwanza ya oti iliingia nyumbani kwetu Kirumba. Nilizipika kama nipikavyo uji wa ulezi siku zote: nikazikoroga kwenye maji baridi, nikamimina kwenye sufuria inayochemka, nikazungusha mwiko bila kupumzika mpaka zikashikana. Baba alionja mara moja, akakilaza kijiko kando ya bakuli taratibu.

"Mama, hiki chakula kinanishinda," aliniambia. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Basi, baba, jaribu vijiko viwili tu."

"Niletee chai, mama. Kesho tutaona."

Nikalionja lile bakuli mwenyewe, nikaona baba ana haki. Kosa halikuwa la oti, lilikuwa la mkono wangu. Oti si unga. Ni punje iliyobanwa ikawa bapa, na ukiizungusha kama unga unaisagia ndani ya sufuria, inatoa ute wake wote na kugeuka gundi. Ukishalijua hilo, mengine yote yanakaa sawa. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyenunua pakiti, akapika mara moja, kisha akaiacha kabatini.

Jua ulichonunua

Kwenye makabrasha mengi ya afya oti huitwa shayiri. Shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile inayotengenezewa kimea cha bia. Kwa hiyo ukiandikiwa shayiri, muulize aliyekuandikia anakusudia ipi. Oti hustawi nchi za baridi na mvua, kama Urusi, Kanada na Uskoti, ndiyo maana hapa mjini tunazipata zaidi kwenye pakiti na makopo ya dukani, si kwenye magunia ya sokoni.

Kiwandani punje humenywa ganda, kisha hupitishwa kwenye mvuke wa moto. Oti zina mafuta mengi kuliko ngano au mchele, na bila joto hilo mafuta yake yangeanza kuharibika mapema. Baada ya hapo ndipo zinagawanyika.

Kuna punje zilizokatwa vipande viwili au vitatu kwa kisu cha mashine. Hizi ni ngumu, zinataka nusu saa jikoni, na si kila duka linazo. Kuna zilizobanwa nzima, bapa kubwa unaloliona kwa macho, ambazo mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kuna za haraka, zilizokatwa kwanza kisha zikabanwa nyembamba, zinaiva kwa dakika 2 au 3. Mwisho kuna zile za vipakiti vidogo zinazotaka maji ya moto tu, ambazo mara nyingi zimeshatiwa sukari na ladha. Soma nyuma ya pakiti. Kama unapika kwa ajili ya mgonjwa wa sukari, orodha ya viungo iwe na kitu kimoja tu: oti. Na jua kwamba kadiri punje ilivyokatwakatwa na kulainishwa, ndivyo inavyoyeyuka tumboni haraka na kupandisha sukari upesi. Bapa kubwa ni bora kwake kuliko za haraka, na zile zilizokatwa kwa kisu ni bora zaidi.

Dukani angalia tarehe, kisha itikise pakiti. Oti nzuri zinacheza ndani kwa sauti kavu. Zikiwa zimegandamana, zimeingiwa na unyevu, ziache. Ukifungua nyumbani ukasikia harufu ya mafuta ya zamani au ya rangi ya ukutani, zimeharibika hizo, na hakuna kiungo kitakachoificha harufu hiyo.

Ule utelezi

Watu wengi huzikataa oti kwa sababu ya utelezi. Nami nawauliza: mlenda mnaula? Bamia mnazila? Msukuma aliyekulia kwenye mlenda wa kukausha hana sababu ya kuukimbia utelezi wa bakuli la asubuhi.

Utelezi huo ndio mali yenyewe. Ni aina ya nyuzinyuzi inayoitwa beta-glukani, inayoyeyuka kwenye maji na kufanya ute. Tumboni ute huo hupunguza kasi ya chakula kuingia kwenye damu, na ukila gramu 3 za beta-glukani kwa siku, siku zote, husaidia kushusha lehemu, yaani kolesteroli. Gramu 100 za oti kavu zina kama gramu 4 za beta-glukani, pamoja na gramu 13 hivi za protini. Bakuli la gramu 40 linakupa gramu 1.6, yaani zaidi kidogo ya nusu ya hizo 3. Si dawa. Mgonjwa aendelee na vidonge vyake na vipimo vyake, na kama anataka kubadilisha kiasi cha dawa, hilo ni la kuzungumza na daktari.

Anayeanza aanze na bakuli dogo na anywe maji ya kutosha. Tumbo lililozoea mkate mweupe likipewa nyuzinyuzi nyingi siku moja hujaa gesi.

Uji wa oti wa kijiko

Huu ndio msingi. Vipimo ni vya mtu mmoja, kwa kikombe cha robo lita.

1. Pima nusu kikombe cha oti. Hizo ni gramu 40 hivi, maana yake pakiti ya nusu kilo inatoa mabakuli 12.

2. Ziweke kwenye sufuria kavu, moto mdogo, uzigeuze kwa mwiko dakika 2 au 3. Usiondoke hapo. Mwanzoni utasikia harufu ya makapi makavu, kama ghala la nafaka. Kisha ghafla inageuka, inakuja harufu ya karanga zinazokaangwa, na kingo za punje zinaanza kuwa na rangi ya manjano iliyokolea. Hapo zimefika. Ukichelewa nusu dakika zinaungua na uji wote utakuwa mchungu.

3. Mimina kikombe kimoja cha maji, au nusu maji na nusu maziwa yaliyokwisha kuchemshwa. Tia chumvi unayoweza kushika kwa ncha za vidole viwili. Waskoti, ambao uji huu ni wao tangu zamani, huupika kwa maji na chumvi, na kwenye chumvi hawakukosea. Bila chumvi oti hupooza hata ukiweka asali kiasi gani.

4. Zikianza kuchemka, punguza moto. Kwenye gesi ni rahisi. Kwenye jiko la mkaa, ziba kimlango cha chini au ondoa vipande viwili vya mkaa. Koroga mara moja kila dakika, polepole, ukipitisha mwiko chini ya sufuria usije uji ukashika. Ukizungusha sana utarudi kwenye gundi yangu ya siku ya kwanza.

5. Oti kubwa zinataka dakika 8 hadi 10, za haraka dakika 3 au 4. Ukiona nimeongeza dakika juu ya ile iliyoandikwa kwenye pakiti, sababu ipo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Anayeishi juu milimani, Bugando au Isamilo, yuko juu zaidi kidogo ya sisi wa Kirumba. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye chakula cha dakika tatu dakika moja ni kubwa.

6. Mapovu makubwa mazito yakianza kupasuka polepole, na punje bado unaziona moja moja, epua. Epua uji ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka, funika, uache dakika 3. Wengi wanairuka hatua hii, wanapika mpaka uji umeshika ndani ya sufuria, halafu wanashangaa ukifika mezani unakatika kwa kisu. Oti huendelea kunywa maji hata baada ya moto kuzimwa.

Kuhusu maziwa: yale tunayonunua kwa muuza maziwa wa baiskeli yachemshwe yenyewe kwanza, mpaka yapande, ndipo yaingie kwenye oti. Dakika tatu za oti za haraka si za kuzitegemea kwa maziwa mabichi, na ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe humpata binadamu kupitia maziwa hayo hayo. Ule utandu unaobaki juu ya maziwa yaliyopoa usiutupe. Kijiko kimoja cha utandu juu ya bakuli la oti kinalifanya liwe chakula cha mgeni.

Kuunga

Oti zenyewe hazina ladha kubwa. Ladha wanaitoa majirani zake, na sisi wa Kanda ya Ziwa majirani tunao.

Karanga kwanza. Chukua karanga zilizokaangwa, zitwange kwenye kinu bila kuzifanya unga kabisa, vibaki vipande vya kutafuna. Kijiko kimoja na nusu kwa bakuli kinatosha. Kama una karanga za kusaga, zikoroge na maji ya moto kidogo mpaka zilainike, ndipo umimine juu ya uji. Ukitupia donge lenyewe litakaa hivyo hivyo. Chagua kabla ya kukaanga. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, itupe, usiseme moto utaiua. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa, na karanga chungu iliyopita mdomoni iteme.

Kisha matobolwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana sijaona mtu akifanya hivi nje ya nyumba yetu, na mimi naona ndiyo namna nzuri kuliko zote. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu. Msichanganye na michembe, ambayo hukatwa vibichi. Chukua vipande viwili vya matobolwa, vioshe, vikate vidogo kama maharage, uviweke kwenye maji ya oti tangu mwanzo, kabla hayajachemka. Ukifika wakati wa kuepua, kila kipande kimevimba, kimekuwa laini nje na bado kina ugumu kidogo katikati, na utamu wake umeingia kwenye uji. Hakuna sukari iliyoongezwa hapo, ingawa kwa mgonjwa wa sukari kipande kimoja kinatosha, kwa sababu kiazi kikikauka utamu wake hujikusanya. Nchi nyingine huweka zabibu kavu. Sisi tunayo yetu, na inakaa kwenye kihenge miezi.

Ndizi mbivu iliyopondwa ikiingia dakika ya mwisho inatosha kuwa sukari ya watoto. Iliki moja iliyopondwa au mdalasini kidogo viingie mapema, pamoja na maji. Asali ya Tabora iwekwe mezani, kila mtu ajipimie.

Uji wa kikombe, oti na ulezi

Kuna watu ambao uji kwao ni wa kunywa, wamesimama, wakiwahi daladala. Kwao uji wa kijiko hauendi. Na ukweli mwingine ni bei: oti ni ghali kuliko ulezi, na familia ya watu sita haiwezi kula pakiti mbili kwa wiki. Kuchanganya kunamaliza yote mawili.

Saga oti kavu kwenye blenda, au zitwange na kuzichekecha. Chukua vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa vya oti zilizosagwa na vitatu vya unga wa ulezi kwa kila lita moja ya maji. Hapa sasa oti zimekuwa unga kweli, kwa hiyo zifanye kama unga: zikoroge pamoja kwenye kikombe cha maji baridi mpaka pasiwe na donge, mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, acha uchemke dakika 15 kwa moto mdogo. Ulezi unataka muda huo. Ukiuharakisha utausikia unakwaruza kooni.

Chagua ndimu au maziwa, si vyote viwili, kwa kuwa ndimu hukata maziwa. Mimi na ndimu. Nusu ndimu kwa lita, ikamuliwe baada ya kuepua, na uji unachangamka kama uji uliolala na chachu.

Kwa mtoto au mgonjwa asiye na hamu ya kula, tumia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito kuliko kawaida, uache upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua, kisha koroga kijiko kimoja cha kimea. Ndani ya dakika chache uji mzito unalegea mbele ya macho yako, kwa sababu kimea hukata wanga. Ukikiweka kwenye uji unaochemka joto hukiua kabla hakijafanya kazi. Baada ya kulegea, rudisha jikoni uchemke tena kidogo ndipo umpe. Mtoto anakunywa uji mwepesi wenye chakula kingi ndani yake.

Mtoto mchanga asipewe kabla ya kutimiza miezi sita, na asali isimguse kabla ya mwaka mmoja. Chumvi na sukari vya nini kwake? Hajavijua bado.

Oti za kulaza

Mwaka 1900 hivi, daktari mmoja wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, alianza kuwapa wagonjwa wake oti zilizolowekwa usiku, pamoja na tofaa lililokwaruzwa, ndimu na karanga za miti kama lozi. Hazipikwi kabisa. Mvuke ule wa kiwandani umeshazipa joto, zinachohitaji ni kulainika.

Nusu kikombe cha oti kubwa, nusu kikombe cha mtindi, robo kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, chembe ya chumvi. Changanya kwenye chombo chenye kifuniko, weka kwenye friji. Asubuhi zimekuwa laini, zimepoa, zinafaa sana miezi ya jua kali. Ukinunua mtindi, uwe usiotiwa sukari.

Matunda yaingie asubuhi, usiyalaze nazo. Nanasi la Geita lisilopikwa likikaa na maziwa usiku kucha linayafanya machungu, kwa sababu lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Papai lina cha kwake kinachofanya kazi hiyo hiyo. Nilipoteza mabakuli manne siku ya wageni kabla sijalijua hilo. Embe halina shida, chungwa la Ukerewe lililomenywa vipande halina shida likiingia dakika ya kula.

Huna friji, au umeme unakatika? Usiloweke oti kwenye maziwa ukaziacha mezani mpaka asubuhi. Usiku wetu si wa Uswisi. Tumia chupa ya chai yenye mdomo mpana. Isuuze kwanza kwa maji ya moto, imwage, tia nusu kikombe cha oti na chumvi, mimina kikombe kimoja na robo cha maji yanayochemka, funga, itikise mara moja. Fanya hivyo ukiamka. Nenda kaoge, wavishe watoto, funga mizigo; baada ya nusu saa fungua, zimeiva, na jiko limewaka mara moja tu kwa maji ya chai na ya oti. Mama mmoja jirani yetu anayeuza nguo Igoma huondoka na chupa yake, anaila akifika kwenye meza yake ya biashara. Ndizi na karanga anazo kwenye mfuko pembeni.

Kwa vyovyote, chakula kinachongoja usiku kifunikwe kweli kweli. Siku zile wingu la vijidudu vya ziwani linapotua mjini na kufuata taa, bakuli lililofunikwa kwa kitambaa chepesi halijafunikwa.

Za chumvi, na dagaa pembeni

Hizi ndizo zilizomrudisha baba mezani. Mzee wa miaka sabini aliyezoea viporo vya mihogo na mboga asubuhi hatapenda kitu kitamu kwa kuambiwa kina afya. Nilichelewa kulielewa hilo.

Kwa watu wawili:

1. Kaanga kikombe kimoja cha oti kubwa kwenye sufuria kavu dakika 5, mpaka zinukie. Ziweke kando. Kwenye namna hii hatua hii si ya hiari. Ndiyo inayofanya punje ziachane.

2. Weka kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo. Kikianza kulainika tia tangawizi, nusu karoti iliyokwaruzwa na hoho. Kisha nyanya moja, uiache mpaka mafuta yaonekane pembeni.

3. Mimina kikombe kimoja na robo cha maji ya moto, chumvi, na gao la mchicha uliokatwa. Acha yachemke.

4. Nyunyizia oti kama unavyonyunyizia mchele wa pilau. Geuza mara mbili, si zaidi. Funika, moto mdogo kabisa, dakika 5.

5. Epua, zitikise kwa uma ziachane, kamulia ndimu.

Dagaa huwa nawatafuta Mwaloni, hapa hapa Kirumba, waliokaushwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini wana mchanga, na mchanga ukishaingia kwenye oti hautoki tena. Toa vichwa, waoshe mara mbili kwa maji ya moto, wakaushe kwa kitambaa, kisha wakaange kwa mafuta kidogo mpaka ukiwagusa na mwiko wanalia. Waweke pembeni ya sahani, wasiingie kwenye sufuria. Najua wanaosaga dagaa na kuwatia kwenye unga wa lishe, na kwa mtoto anayehitaji nguvu ni jambo jema, lakini kwa mtu mzima anayekula kwa hamu, dagaa aliyelainika ndani ya oti anapoteza kilichomfanya apendeze.

Mara ya kwanza nilipompelekea, baba hakusema kitu. Alikula, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha dagaa, akaniuliza, "Mama, hizi nazo ni zile zile?" Nikamwambia, "Ndizo, baba." Siku hizi akiniona natwanga karanga asubuhi ananiambia za kwangu nitajipikia, yeye anasubiri za chumvi.

Chapati za maji za oti

Fupi tu. Kikombe kimoja cha oti zilizosagwa, yai moja, ndizi mbivu moja iliyopondwa, robo tatu ya kikombe cha maziwa, chumvi. Changanya, acha dakika 10 oti zinywe, kisha mimina upawa mdogo mdogo kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, dakika 3 kila upande. Zifanye ndogo kama kiganja. Hazina ule unato wa ngano, chapati kubwa itakukatikia ukiigeuza. Watoto wanazibeba shule.

Kuhifadhi, na sufuria

Ukishafungua pakiti, hamishia oti kwenye kopo linalofunga, hasa masika, Machi mpaka Mei, hewa ya ziwa inapokuwa nzito. Andika tarehe juu ya kopo. Usimimine pakiti mpya juu ya mabaki ya zamani, maana kama kuna fukusi chini, umewapelekea chakula. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu.

Uji uliobaki umwage kwenye sahani bapa, usawazishe, ufunike, uweke kwenye friji. Kesho yake unakatika vipande, na vipande hivyo ukivikaanga kwa samli kidogo pande zote mbili vinakuwa kitafunwa cha chai. Bila friji pika kinacholiwa.

Na sufuria iloweke mara tu ukishapakua, kwa maji baridi, si ya moto. Maji ya moto hupika tena ule ute na kuugandisha, na ukiuacha ukauke utasugua kwa steliwaya mpaka saa nne.